Blanketi la Baharini

Mimi ni mtu wa kupakia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimamia upakiaji wa mahindi pale Moi's Bridge, na lori lililopangwa mbele ya macho yangu halijawahi kumwaga gunia barabarani. Najua gunia la chini linalazwa vipi ili la juu lisiteleze, na najua kamba inakazwa wapi. Nasema haya bila kujisifu, ingawa wanaonijua watakwambia hata salamu zangu ni za kujisifu. Kwa hiyo fikiria nilivyojisikia siku niliporudi nyumbani Kitale nikamkuta mke wangu amepiga magoti mbele ya masanduku mawili, anaviringisha nguo kama chapati na kuzitumbukiza humo ovyo, ati tunaenda likizo kisiwani.

Likizo yenyewe sikuiomba. Aliyeipanga ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, kijana wa ofisi za Nairobi ambaye nina hakika amesahau jembe linashikwa upande gani. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, anaishi Kanduyi, pale mji wa Bungoma unapoishia. Mwaka huo aligundulika ana presha ya macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba alichokwisha kupoteza hakirudi, na kilichobaki kitakwenda kidogo kidogo mpaka kiishe. Mama hakulia. Aliuliza tu kama kilichobaki kingetosha kuona bahari, kwa sababu ameiimba kanisani tangu akiwa msichana na hajawahi kuiona. Shemeji aliposikia hivyo akakata tiketi za watu wanne kwenda Lamu: mama, yeye mwenyewe, dada yake, na mimi.

Nilipoambiwa nilisonya. Mimi husonya kwa urahisi sana, mke wangu husema ndiyo lugha yangu ya kwanza. Bahari ni nini? Ni maji, tena maji yasiyonyweka. Watu wazima wanafunga safari ya siku nzima, wanabadilisha ndege, ili wakavue viatu na kusimama kwenye maji yasiyofaa hata kupikia chai. Nilimwambia mke wangu kwamba kama mama anataka maji, mto Nzoia uko pale, na hauhitaji ndege. Aliendelea kuviringisha.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo shemeji, kwa ajili ya Nairobi yake, hakulifikiria. Mimi na mama mkwe wangu tunaogopana. Kwetu neno hilo halina maana ya hofu. Maana yake ni kwamba mume wa binti na mama mzaa binti hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawali meza moja. Nikimwona anakuja njiani naiacha njia, naye anageuza uso. Tukiwa na jambo la kusema, yeye hukaa jikoni nami sebuleni, ukuta katikati, na kila mmoja anauambia ukuta. Ni heshima, na watu wengi huibeba kwa upendo.

Mimi niliibeba kwa sababu nyingine. Ilinifaa. Ilinipa ruhusa ya kutomjua yule mama wala kujali anawaza nini. Siku ya harusi moja kule Mabanga niliingia kwa mlango wa mbele, naye, aliponiona, akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na sahani yake ya wali mkononi. Akamalizia kula amesimama nyuma ya nyumba, kando ya kuni, huku manyunyu yakimpiga. Wengine waliona heshima. Mimi nilimwona mama mtu mzima anakula amesimama kama mtu aliyefukuzwa, nikacheka, na nikakaa mpaka mwisho wa karamu kwenye kiti kilichokuwa chake.

Basi Lamu ikamtatiza. Alimpigia mke wangu simu nami nikasikia, kwa sababu yule mama huongea kwenye simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Mimi nitakaa aje kwa mchanga na mkwe wangu, yeye na kaptura, mimi na miguu nje? Hapana. Yeye aende. Mimi nitabaki."

Nilifurahi. Nilidhani safari imekufa. Lakini mke wangu alienda Kanduyi mwishoni mwa wiki ile kuongea na mjomba wake, kaka ya mama, ambaye ndiye hushika mambo ya desturi kwenye familia yao. Alirudi uso umefunguka. Nilikuwa natazama mpira.

"Mjomba amesema kuna njia," aliniambia. "Kuna kitu utampatia mama tukipita Kanduyi, mjomba akiona. Ukishampatia, mtasalimiana kwa mkono na mambo yatakuwa sawa. Ataenda."

"Sawa."

"Unanisikia lakini?"

"Si nimesema sawa."

Sikuuliza ni kitu gani. Kwetu upande wa Kiminini jambo hilo hulegezwa kwa mbuzi, na mbuzi hapandi ndege, kwa hiyo nilidhani wameridhika na sukari kilo kadhaa na mambo yakaisha. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa ile miaka kumi na minane na sikujua kwao wanalegeza kwa kitu gani.

Wiki ya kununua vitu ndiyo iliyonimaliza. Shemeji alituma orodha kwa simu: kofia pana, miwani ya jua, ndala, nguo za kuogelea, mafuta ya kujikinga na jua. Hayo mafuta ndiyo niliyoyasemea zaidi. Watu ambao wamepalilia mahindi tangu utotoni, jua la saa saba likiwachoma kisogoni, leo wanaambiwa jua la Lamu ni kali mno kwa ngozi zao. Nilimuuliza mke wangu kama tutawapaka na ng'ombe. Kofia aliyonunua ilikuwa pana kiasi kwamba haikuingia kwenye sanduku lolote, na alikusudia kuivaa kutoka mlangoni kwetu Kitale mpaka Lamu, majirani wote wakiona. Kuhusu nguo ya kuogelea niliyonunuliwa mimi, ndogo, ya bluu, yenye mnazi ubavuni, sitasema zaidi ya kwamba niliishika kwa vidole viwili.

Kuna duka karibu na msikiti pale mjini, la mama mmoja mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na yeye amezaliwa hapahapa Kitale. Anauza leso, mashuka, vitu vya nyumbani. Mke wangu aliingia mle, mimi nikabaki nje kwenye gari nikihesabu dakika. Alitoka na mfuko mkubwa kuliko nilivyotarajia, na mwenye duka akamsindikiza mpaka nje. Akainama dirishani kwangu.

"Hongera, baba," aliniambia. "Jambo la heshima sana hilo. Nimemchagulia nyekundu, inaonekana vizuri hata kwa mtu wa macho mazito."

Nikamwambia asante. Nilidhani anasifu leso yake. Njiani nilimcheka mke wangu kwamba anawapelekea watu wa Lamu leso kutoka Kitale, naye akatazama dirishani mpaka tukafika.

Siku moja kabla ya safari alienda kusukwa nywele. Mlangoni aligeuka.

"Sanduku la bluu usiguse. Nimeshalipanga."

Mtu anayenijua hawezi kuniambia hivyo na akategemea litabaki salama. Nilingoja mlio wa geti, nikaleta masanduku yote mawili katikati ya sebule, nikayafungua. Ilikuwa aibu. Viatu juu ya nguo, chupa za mafuta zimelala ubavu, pembe zote za sanduku tupu kabisa. Gunia likipangwa hivyo kwenye lori langu, mpakiaji anarudi kwao siku hiyohiyo. Nilitoa kila kitu, nikaanza upya kutoka chini, nikikunja, nikijaza pembe, nikisukuma kwa goti. Ningeweza kufundisha. Kusema kweli niliona raha, raha ya kwanza tangu habari za Lamu zianze.

Chini kabisa ya sanduku la bluu, ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu, nikakuta blanketi.

Blanketi zito, jipya, jekundu, lenye mistari myeusi pembeni. Lile ambalo mtu analala nalo kwenye baridi ya milima ya Cherangani mwezi wa saba. Lilikuwa limekula nusu ya sanduku. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nani anabeba blanketi kwenda kisiwani, kwenye joto la kumfanya mtu alale bila shuka? Niliona limenipa ushahidi wa kila kitu nilichowahi kusema juu ya akili za nyumba ile ya Kanduyi, mama na watoto wake. Nikalitoa, nikalisukuma juu ya kabati la chumbani. Mahali pake nikatia viatu vyangu vyeusi vya ngozi, jozi mbili, koti langu, na pasi, kwa sababu siamini pasi za hoteli. Sanduku likafunga bila shida. Mke wangu aliporudi alilinyanyua kidogo, akaona uzito ni uleule, akaridhika. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nangoja aniulize huko mbele, nimcheke vizuri.

Tuliondoka asubuhi na gari la kukodi. Mpango ulikuwa tumchukue mama Kanduyi, tushuke Kisumu kwa ndege ya adhuhuri, tumkute shemeji Nairobi. Saa tatu tulikuwa tumeshafika.

Nilishangaa. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Viti vitatu vya plastiki viliwekwa kwenye kivuli cha nyumba, na mjomba alikuwa amekalia kimoja akiwa na koti lake la sherehe, fimbo katikati ya magoti. Mlango wa jikoni uliegeshwa, nikajua mama yuko nyuma yake. Nje ya mlango huo kulikuwa na begi dogo la shule, limefungwa kwa kamba, na jogoo mkubwa mwenye madoa aliyefungwa mguu. Niliwaza: hata jogoo anaenda Lamu. Nikatabasamu peke yangu.

"Karibu mkwe," mjomba akasema. "Nasikia mnaenda Ramu."

"Ndiyo mzee."

"Basi tusicherewe. Watu wa ndege hawana subira. Mwanangu, reta ire kitu."

Mke wangu alivuta sanduku la bluu mpaka mbele ya viti, akapiga magoti, akafungua zipu. Akatoa viatu vyangu vyeusi. Akatoa jozi ya pili. Akatoa koti. Akatoa pasi, akaishika mkononi, akaitazama, kama haelewi imetengenezwa kwa ajili ya nini.

"Blanketi iko wapi?" akaniuliza.

Sasa, hapo ndipo mtu mwingine angeona ule ua uliofagiliwa, na koti la mzee, na mlango ulioegeshwa, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimengoja swali hilo tangu jana. Nilicheka, na nikainua sauti ili kila mtu apate.

"Blanketi? Hiyo nilitoa mimi. Nani hubeba blanketi baharini? Ni mjinga gani atajifunika hiyo kitu na joto ya huko?"

Hakuna aliyecheka. Mlango wa jikoni ukafungwa. Haukubamizwa, ulisukumwa taratibu mpaka ukaingia mahali pake, kisha nikasikia komeo.

Mjomba alitazama kichwa cha fimbo yake. Halafu akanieleza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemfundisha mtoto wa mwenzake. Blanketi lilikuwa la mama. Kwao ndivyo inavyofanywa: mkwe anampa mama mkwe blanketi kwa mikono miwili, yeye anampa jogoo, wanashikana mikono, na kuanzia hapo wanaweza kuketi pamoja bila lawama. Mama alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alikuwa ameoga, amevaa, akasimama nyuma ya mlango kungoja kuitwa.

Nilielewa nilichofanya. Lakini mdomo haukukubali kushindwa.

"Sasa shida ni nini?" nikasema. "Bungoma si iko hapa? Maduka yamefunguliwa. Nitanunua ingine saa hii, kubwa kuliko hiyo."

"Ya kununua iko," mjomba akasema. "Rakini umeshasema. Umesema atakayejifunika nayo ni mjinga. Amesikia na masikio yake. Hata ukireta kumi reo, atajifunika na nini?"

Mke wangu alienda kwenye mlango wa jikoni, akauegemea, akaongea na mama yake kwa Kibukusu kwa muda. Mimi nilisikia vipande tu. Halafu sauti ya mama ikaja, kwa Kiswahili, ili nami nielewe, kwa hiyo najua alikuwa anauambia ukuta kwa ajili yangu.

"Nendeni. Ndege haingoji mtu. Macho yangu bado iko kidogo, nitaenda siku ingine."

Kulikuwa na njia nyepesi, na kila mtu pale uani aliiona. Mimi ningebaki. Mimi niliyeidharau safari toka siku ya kwanza, niliyesema bahari ni maji tu, ningepanda gari la kurudi Kitale, na mama angeenda na watoto wake, bila mkwe, bila kaptula, bila blanketi. Jambo la dakika moja. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikingoja mtu aniambie. Nilikuwa tayari hata kuudhika. Lakini mkwe hafukuzwi, hasa kwa watu wenye adabu, na hakuna aliyesema. Mjomba alitazama fimbo. Mke wangu alinitazama mimi, muda mrefu, halafu akaanza kurudisha viatu vyangu sandukuni kimoja kimoja.

Na mimi sikusema. Nimejaribu mara nyingi kujua kwa nini, na kila mara napata jibu lilelile dogo, la kutia aibu. Kubaki kungekuwa kukiri mbele yao kwamba nimekosea, na sikutaka mjomba mwenye koti lile kuukuu aone hivyo.

Kabla hatujaondoka, mlango wa jikoni ulifunguliwa kidogo na mkono ukatoa gauni. Mke wangu akalipokea. Mama alikuwa amelishona mwenyewe kwa mkono, na macho yale. Refu mpaka kwenye kifundo cha mguu, la kitambaa kizito cha kijani, na ndani ya pindo la chini alikuwa ameshonea vijiwe alivyookota uani, kimoja kimoja, kuzunguka gauni zima. Alikuwa amesikia kwamba maji ya bahari huinua nguo. Alishonea mawe ili akiingia majini, na mimi nikiwa pale ufukweni, gauni lisipande nikaona magoti yake.

"Livae wewe," mama akamwambia kutoka ndani. "Liloweshe huko, unirudishie."

Tulifika Lamu jioni ileile. Shemeji, alipoambiwa pale uwanja wa ndege Nairobi, alisema tu, "Si ungebaki wewe, bana," kisha hakuongea nami siku mbili. Nilimwona hana adabu.

Ningekueleza mengi juu ya kile kisiwa kama ningekuwa nimekiangalia. Niliwaona wageni wamejipaka mafuta wakilala juani kama mahindi yaliyoanikwa. Niliona bei za samaki. Kiti nilichopewa kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikamlalamikia mhudumu mara tatu. Nilivaa viatu vyangu vyeusi mpaka mchangani, kwa sababu nilikuwa nimevibeba na sikutaka ionekane nimevibeba bure, vikajaa mchanga, nikaushtaki mchanga. Siku zote nne nilikuwa na simu mkononi nikiuliza malori mangapi yameingia Moi's Bridge. Kila asubuhi mke wangu alivaa gauni la kijani la mama yake, akaingia majini taratibu mpaka kifuani, na gauni halikupanda hata kidogo. Alikuwa anasimama huko akitazama mbele, muda mrefu, kama mtu aliyetumwa kusoma kitu na kukikariri. Nilimwambia watu wanamshangaa.

Siku ya kurudi gauni halikuwa limekauka, na mizigo ikapimwa, ikazidi. Nikasema kwa sauti, pale kwenye foleni, kwamba tunabeba mawe ya Bungoma kuyatembeza Lamu na kuyarudisha Bungoma, na kwamba tukate pindo tuyamwage. Mke wangu alipiga magoti, akafungua sanduku la bluu.

"Toa viatu," akasema.

Niliacha jozi moja palepale. Hiyo nayo niliisemea njia nzima.

Siku ingine ambayo mama alisema haikuja. Shemeji alikata tiketi tena mwaka uliofuata, lakini mvua ya masika ilipokwisha, macho yalikuwa yamekwisha nayo. Sasa anatambua mchana na giza, basi. Blanketi bado liko juu ya kabati letu Kitale, kwenye plastiki yake. Nimewahi kumwomba mjomba ruhusa ya kulileta. Aliniambia ningoje, watanijulisha, na ni mtu mpole mno kusema watanijulisha lini. Sikusonya. Nilitaka, na haikutoka.

Tulienda Kanduyi mwezi uliopita. Nilikaa sebuleni, na mama jikoni kama kawaida, ukuta katikati, mke wangu mlangoni akipitisha chakula huku na huku. Ingawa haoni, bado hawezi kukaa na mimi. Nilikuwa natafuna nyama nilipomsikia.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mtoto wangu alinielezea yake. Huyu kijana wa Nairobi pia alinielezea yake. Wewe hujawahi kunielezea. Bahari iko aje?"

Nikaweka nyama chini. "Ni maji mengi, mama."

"Hiyo najua. Rangi yake?"

Nilitafuta. Walahi nilitafuta. Nilikumbuka kile kiti na mguu wake mfupi. Nilikumbuka mhudumu alivyovaa, na mchanga ndani ya soksi, na idadi ya malori. Nilikumbuka gauni la kijani, na mgongo wa mke wangu, na mbele ya mgongo huo, mahali alipokuwa akitazama, sikuwa na kitu. Ningeweza kusema bluu kama kila mtu. Nilimtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga, anajua jibu lote, akaniongezea mboga.

"Sikuangalia, mama," nikasema.

Upande wa pili nikasikia sahani ikiwekwa chini.

"Kumbe tuko sawa, mkwe," akasema.